Dobi Mwenye Filimbi

Tarehe 6 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba mitambo yenu ya maji haijawakosesha raha. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu. Likishapata joto anatembea kuliko mimi, akishatembea anataka kufua, na akifua goti linarudi. Nimemwambia mimi nafua mashuka mia tatu ya hospitali kila siku, hayo mawili ya kwake aniachie. Anasema mashuka ya hospitali hayana mwenyewe, ya kwake yanaye.

Kazini tumeletewa mashine mpya ya kukamua. Inatikisika mpaka sabuni zinaanguka rafuni, lakini mikono yetu imepumua, na kwa hilo tunashukuru.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini kwanza. Mimi ni refa.

Usicheke. Mwaka jana sisi wa kufulia tulicheza na watu wa jikoni kwenye kiwanja kilicho nyuma ya chumba cha jenereta. Refa aliyeahidiwa hakutokea. Watu wakatazamana. Msimamizi wetu akasema, "Mpeni Chiriku filimbi, si ndiye anayebishana na televisheni?" Nikapewa. Nilipoipuliza mara ya kwanza, watu wazima ishirini na wawili wakasimama. Mjomba, tangu ulipoanza kuniita Chiriku, mama aliponileta kwenu nikiwa na miaka mitatu, hakuna mtu aliyewahi kunyamaza kwa sababu yangu. Nikaipenda hali ile.

Basi nikaenda kozi, Jumamosi nane mfululizo. Tulianza ishirini na moja, wanawake wawili, na mwenzangu akaacha wiki ya tatu. Mtihani wa sheria nilipata tisini na mbili. Mtihani wa kukimbia nilitapika, lakini nilifika. Beji ninayo.

Nilipomwambia mama, aliacha kuchambua mboga. Akauliza, "Mjomba wako anajua?" Nikasema bado. "Mwandikie," akasema, na hapo akanyamaza. Wewe unamjua dada yako, kunyamaza si tabia yake. Najua ulikuwa beki wa kushoto. Wazee wa hapa bado wanakutaja kwa jina la Nyundo, ila wakishalitaja wanahamia habari nyingine. Naomba unipe ushauri wowote, mkubwa au mdogo. Barua nampa dereva wa lori la dawa ya maji, yule anayepakia hapa kwetu. Simu kwako haina maana, najua, utasikia pampu tu.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika. Dereva alikuwa na msiba, ndiyo sababu ya kuchelewa. Sisi wazima. Pampu namba mbili imebadilishwa beringi na sasa inaimba vizuri. Mkaza mjomba wako anakushukuru kwa kitambaa ulichomtumia, ameshakishona. Mwambie dada goti alikande kwa chumvi ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, jioni na asubuhi.

Umeomba ushauri. Nunua viatu vinavyozidi upana wa kidole kimoja mbele. Kata kucha siku mbili kabla ya mchezo, usikate siku yenyewe. Kunywa maji kabla hujasikia kiu.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine waulize wanaojua. Na kama unaweza kuiacha kazi hiyo, iache. Ziko shughuli nyingi za kujitolea zisizo na kelele.

Msalimie dada.

Mjomba


Tarehe 18 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo tena. Vidole vyangu vyote kumi vinakushukuru kwa habari ya viatu. Mama naye anashukuru kwa chumvi. Anasema imesaidia, lakini amesema kwa sauti ndogo ili goti lisisikie likajidai.

Umeniambia niache. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, nikaamua kujifanya sikuielewa.

Mpaka leo nimechezesha mechi saba. Nne zilikuwa za shule, ambako watoto wana akili na wazazi ndio watoto. Tatu zilikuwa za wakubwa. Kwa wakubwa ndiko nimejifunza majina yangu mapya. "Dobi, rudi ukafue!" ndilo la heshima kuliko yote. Yuko baba mmoja mwenye kofia ya manjano aliyetembea nami kipindi kizima cha kwanza, mimi ndani ya mstari, yeye nje, akinisomea makosa yangu kama karani wa mahakama. Mapumziko yalipofika nikamwendea. "Baba, shati lako lina doa la mafuta. Njoo Jumatatu nikuonyeshe linavyotolewa." Watu wakacheka, naye akacheka. Kipindi cha pili akanitukana kwa adabu kidogo.

Hayo naweza kuyabeba. Ninalotaka kukwambia ni lingine. Jumamosi iliyopita nilitoa penalti isiyokuwa penalti. Beki aligusa mpira kwanza. Niliona vizuri kabisa, ila niliona sekunde moja baada ya kupuliza. Ilifungwa, na mchezo ukaisha moja bila. Ulipokwisha nilimfuata yule beki mbele ya wenzake nikamwambia, "Nilikosea." Nahodha wao alinitazama sana. Akasema, "Haya. Angalau wewe umesema." Akanipa mkono. Waliokuwa pembeni hawakunipa mkono. Walinirushia mifuko ya maji. Natumaini yalikuwa maji.

Jumatatu nilikuwa nakunja mashuka na mwenzangu, yule mama mnene wa zamu yetu, yeye ncha zile, mimi ncha hizi, machozi yakaanza kudondoka kwenye shuka. Nikasema nitalirudisha likafuliwe. Akasema, "Kunja tu, litakauka." Mchana wake wote alinibebea makapu mazito. Na msimamizi amenibadilishia zamu ili Jumamosi zangu ziwe huru, bila mimi kuomba. Sikuandikii kulalamika, mjomba. Nakuandikia kwa sababu wewe umewahi kusimama ndani ya ule mstari, na hapa nyumbani hakuna mwingine.

Chiriku


Tarehe 29 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Nilimwuliza dereva kama unaumwa, akasema alikuona juu ya tangi unapaka rangi. Nashukuru kwamba u mzima.

Tarehe 20 nilimpa kadi nyekundu winga mmoja, kijana mchomeleaji wa mageti. Njano alikuwa nayo tayari. Alipokuja nilidhani anataka kuongea. Alinisukuma kifuani kwa mikono miwili. Filimbi ilikuwa mdomoni. Jino la mbele limekatika nusu.

Nilimaliza mchezo. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Kwenye ripoti niliandika kwamba mchezo uliisha salama. Sikutaka maneno.

Nimerudisha beji kwa katibu wa chama. Ushauri wako wa mwezi wa nne ulikuwa sahihi, na nakushukuru.

Mpwa wako


Tarehe 20 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mkaza mjomba wako alipouona uso wangu aliichukua akaisoma mwenyewe. Kisha akasema, "Usipomwandikia leo, nitamwandikia mimi." Kwa hiyo naandika, na usitegemee maneno mazuri.

Barua yako ya Mei niliipata. Nilianza kuijibu mara nne. Nilipofika mahali ulipomwambia yule beki kwamba umekosea, nikawa nashindwa kuendelea.

Miaka thelathini na moja iliyopita tulicheza fainali ya kombe la mji, kwenye kiwanja cha karibu na reli. Dakika ya themanini na tano nilimwangusha mshambuliaji wao ndani ya boksi. Mwamuzi alikuwa karani wa posta, mtu mwembamba, soksi amezivuta mpaka magotini. Akaonyesha penalti. Nikamfuata. Mama yako, akilazimika kuisema habari hii, husema nilimsukuma. Sikumsukuma. Nilimpiga ngumi, na ngumi hiyo niliikunja tangu hatua tano nyuma. Nilimvunja taya. Wiki sita alikula kwa mrija.

Viongozi walimwuliza ni nani aliyempiga. Kwenye ripoti aliandika, "Sikumwona." Mpwa wangu, alikuwa ananitazama machoni.

Sikufungiwa hata mechi moja. Jumamosi iliyofuata nilicheza na watu wakanipigia makofi. Jina la Nyundo walinipa siku hiyo. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya mashuti.

Yule karani hakupuliza filimbi tena. Aliyekwenda kumwomba radhi ni dada yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, peke yake, na hakunieleza aliambiwa nini. Mimi nikimwona barabarani nilivuka upande wa pili. Posta sikuikanyaga. Baada ya mwaka mmoja ikatangazwa kazi ya huku kwenye pampu, mahali ambapo hakuna aliyetaka kuja. Nikaja. Wote niliwaambia nimefuata mshahara.

Sasa umejua kwa nini nilikuambia uache. Ule haukuwa ushauri. Nilikuwa najificha nyuma ya viatu na kucha.

Nakuomba mambo mawili, na sina haki ya kuomba hata moja. Kwanza, nenda kaandike ripoti ya kweli. Huyo kijana sasa hivi anapigwa mgongoni na wenzake, anacheka nao, na hakuna anayemwambia alichofanya. Mimi nilihitaji kuambiwa. Wangenifungia mwaka mmoja, ningeumaliza ndani ya mwaka mmoja.

Pili, ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Ni ya yule karani. Mama yako anajua anapokaa. Ikiwa yu hai, mpelekee. Ukiona vigumu, irudishe, sitakulaumu.

Pole kwa jino. Pole sana, mwanangu. Na asante kwamba uliniandikia tena baada ya mimi kukunyamazia. Ningekuwa wewe nisingeandika.

Mjomba


Tarehe 5 Oktoba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na ya tatu ya mkaza mjomba, ambaye naona ndiye mwamuzi wa nyumba hiyo. Mama anakusalimu. Nilimsomea barua yako yote. Alilia kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillahi, amelitapika," akaenda kufua. Goti likarudi. Tunaendelea.

Nianze na ripoti. Nilikwenda kwa katibu wa chama, pale nyuma ya duka lake la vioo. Akaniambia, "Umechelewa wiki sita. Sheria inasema siku mbili." Nikasema naijua, nilipata tisini na mbili. Akakuna kichwa. "Una shahidi?" Nikasema uwanja mzima ulikuwa shahidi, tatizo ni nani atakubali kuwa alikuwepo. Unajua nani alikubali? Nahodha wa ile timu iliyofungwa kwa penalti yangu ya uongo. Siku niliyosukumwa alikuwa amekuja kutazama tu. Alitia sahihi akasema, "Huyu mama akikosea anasema. Akisema kasukumwa, basi kasukumwa."

Kijana aliitwa kwenye kikao, akafungiwa mechi nane. Mimi nilidhani sasa nitapata maadui. Siku ya tatu akaja kwenye geti la hospitali, akamwambia mlinzi anamtafuta "refa wa kufulia." Nilitoka na mwenzangu yule mnene nyuma yangu, ameshika fimbo ya kukorogea nguo kama haihusiani na chochote. Kijana alitazama mdomo wangu. Nikaona ameliona jino. Akasema, "Sikujua limekatika." Nikamwuliza alidhani nini. Akasema, "Sikudhani, mama. Ndiyo hivyo, sikudhani." Sikumwambia yameisha, kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Nilimwambia, "Mechi nane ni miezi miwili. Zikiisha, njoo ucheze." Akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka nikarudi kukunja mashuka. Mjomba, nilikuandikia kwamba sikutaka maneno. Ilikuwa woga. Sasa nami nimesema.

Karani yu hai. Anakaa nyumba ya mwisho kabla ya reli, na binti yake. Mama alinionyesha mlango akabaki barabarani. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mpwa wa Nyundo. Akasema, "Hilo si jina lake," akanitajia lile ulilopewa na wazazi. Nikampa bahasha. Aliisoma polepole mpaka mwisho, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, nimefika sitini na kitu, ndipo akasema:

"Mwambie hivi. Anadhani nilimhurumia. Sikumhurumia, nilimwogopa. Nyumba yao ilikuwa njiani kwangu kwenda kazini. Kila asubuhi nilipita hapo."

Nikasema nitamwambia.

"Na la pili. Ile ilikuwa penalti."

Nikasema anajua.

"Najua kama anajua. Mwambie hata hivyo." Kisha akaikunja barua yako vizuri, akaitia mfukoni. "Aje mwenyewe. Barua si mbaya, lakini mimi nimeshughulika na barua za watu miaka thelathini na nne." Akaniuliza nachezesha lini tena. Nikasema nimerudisha beji. Akaniangalia kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai. "Kaichukue," akasema.

Nimeichukua. Jumamosi iliyopita nilichezesha. Wenzangu wa kufulia walikuja kumi na wawili, na sare zao za kazi, wakasimama nyuma ya goli bila kusema kitu, wamefunga mikono. Sijawahi kusikia uwanja wa wakubwa ukiwa na adabu namna ile. Jino nitawekewa mwezi ujao. Daktari wa meno amesema anadaiwa na mimi, kwa sababu makoti yake meupe hutoka kwetu meupe kweli.

Asante, mjomba. Ulinipa kitu kigumu kukitoa. Omba likizo uje.

Chiriku wako


Tarehe 12 Desemba

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Tulifika salama, ingawa mkaza mjomba wako alitapika njia nzima na kunilaumu mimi kana kwamba nimezichora kona zile. Mwambie dada magimbi yalifika mazima. Siku kumi na moja kwenu zimekuwa fupi. Chumba ulichotupa, mashuka yale yaliyonyooka kama karatasi, chai ya alfajiri kabla hujaenda kazini, vyote nimeviona, na kwa kuwa mdomo wangu mzito nilivipita bila neno. Nashukuru kwa vyote.

Uliniuliza mara tatu tuliongea nini mimi na karani, nami mara tatu nikakuuliza habari za mashine ya kukamua. Sasa nakueleza.

Uliponiacha mlangoni nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu huku. Alifungua mwenyewe. Akasema, "Umezeeka." Nikasema, "Na wewe." Maneno yote yakanipotea. Tukakaa. Akaniomba nimpe mkono wa kulia. Nikampa. Aliugeuza huku na huku kama anayetafuta stempu. Akauliza, "Ni huu?" Nikasema, "Ndiyo, ni huu." Nikasema nilimkosea, na nikakitaja nilichofanya kwa majina yake, kupiga, kuvunja, kukimbia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniwekea kikombe cha chai kwenye mkono uleule, akasema, "Kunywa kabla hakijapoa." Baada ya hapo tuliongea habari za watoto na bei ya mabati. Alicheka mara mbili. Taya lake halifunguki lote, nililiona hilo, na nitaendelea kuliona.

Jumamosi alinipeleka kukutazama. Nadhani hukutuona, tulikuwa upande wa jua. Sikujua unakimbia vizuri namna ile. Mtu mmoja karibu yetu alikutukana, nikageuka, na karani akanishika shati. "Mwache," akasema, "anammudu." Na kweli ulimmudu. Ulimwangalia tu.

Sasa habari ya huku. Tuna kiwanja nyuma ya matangi, vijana wa hapa wanacheza kila Jumamosi, nami kwa miaka yote hii nilikuwa napita nimeangalia chini. Anayewachezesha ni fundi baiskeli, mtu mpole, mfupi, na wanamtukana mpaka anapofika kwake. Tangu turudi nimekuwa nakwenda. Nakaa pembeni, nanyamaza. Mchezo ukiisha nasimama, naanza kutembea karibu naye, tunavuka kiwanja, tunapita matangi, mpaka kwenye njia panda. Hapo anakata kushoto, mimi narudi. Wanaomfuata na matusi wakiniona hupunguza mwendo. Wananijua, mimi ndiye ninayewafungulia maji.

Jumamosi mbili hakusema kitu. Juzi akasimama katikati ya njia, baiskeli mkononi. "Mzee," akasema, "naona unanisindikiza. Nashukuru, lakini kwani wewe ni nani?"

Nilikuwa na habari ndefu ya kumpa. Siku moja nitampa. Juzi nilimwambia, "Mimi ni mjomba wa mwamuzi."

"Ah," akasema. "Basi twende."

Mjomba wako